Ndugu wa mgonjwa ICU: anza naye mlangoni

Muuguzi, ukipangiwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) katika hospitali ya rufaa hapa Dar, utafundishwa mashine. Kuhusu ndugu wa mgonjwa hutaambiwa mengi, na ndiye atakayekukatiza ukiwa unahesabu noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Vurugu nyingi za muda wa kuona wagonjwa huanzia mlangoni: mtu ameingia bila kuambiwa atakachokiona.

Kabla hujamfungulia, fyonza makohozi, futa uso wa mgonjwa, mfunike vizuri. Kisha toka: "Shikamoo mama. Mwanao ana mpira mdomoni unaomsaidia kupumua, ndiyo maana haongei. Tumempa dawa ya usingizi. Mikono tumeifunga kwa kitambaa laini asije akauvuta mpira." Hilo la mikono usiliruke hata siku moja. Asiyeambiwa huona mwanawe kafungwa kama mwizi, naye huifungua kimyakimya. Mpira ukichomoka, una dakika chache tu. Mwambie pia kwamba si kila kengele ya mashine ni hatari, na kwamba kitufe cha kuinyamazisha ni cha muuguzi.

Waingie wawili wawili, mikono wakiwa wameisugua kwa kitakasa sekunde 20 hadi 30. Weka kiti. Aliyetoka Mbagala na daladala mbili bila kula huweza kuanguka akiona mpira unafyonzwa, na hapo una wagonjwa wawili.

Kagua kikapu. Humo mna chupa ya uji, mafuta ya habasoda, zamzam, mafuta ya upako. Usikejeli, eleza. Tone la kitu mdomoni mwa mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa huweza kushukia mapafuni. Uji mzito huziba mpira wa puani wa kumlishia. Mafuta kifuani hubandua vibandiko vya monita, mashine inayoonyesha mapigo ya moyo, na usoni karibu na oksijeni yanaweza kushika moto. Miguuni kusiko na kidonda, mwache apake. Dua na sala pia ziendelee, ila kitanda kisishushwe: kichwa kibaki juu, nyuzi 30 hadi 45.

Mpe kazi. Amshike mkono, amwite kwa jina la nyumbani, amwambie leo ni siku gani. Mgonjwa anayepunguziwa dawa ya usingizi mara nyingi hutulia akisikia sauti anayoijua, nawe unapunguza kupigana naye. Muulize pia: anasikia vizuri? Alikuwa anatumia dawa gani, za mitishamba zikiwemo? Andika. Lakini kama mapigo yanapanda kila anapofika mtu fulani, mwombe apumzike nje kidogo, bila lawama.

Ukiwa unahesabu dawa usijibu swali la mtu. Sema, "Mama, nipe dakika tano," halafu uende kweli. Ukimdanganya mara moja, kesho atakung'ang'ania.

Ukoo wa hapa una mke, mjomba, shangazi na mchungaji, na kila mmoja anataka habari zake. Wachague msemaji mmoja. Jina lake, uhusiano na simu viandikwe mbele ya faili. Neno "anaendelea vizuri" liache kabisa. Sema ulichokipima: oksijeni ya damu usiku ilikuwa asilimia 89, sasa ni 94. Kama atapona au la, hilo ataeleza daktari, wakiwa wamekaa, si kwenye korido.

Unapokabidhi zamu, taja nani alikuja, aliambiwa nini, na swali gani bado analisubiri.