Kurudisha Stratocaster ya miaka ya 1960 katika hali yake ya asili

Swali: Baba yangu, aliyepiga gitaa katika bendi ya dansi, ameniachia Fender Stratocaster ambayo namba ya bamba lake la nyuma inaanza na herufi L. Imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, swichi yake ya kuchagua pikapu (vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi) ina nafasi tano, vikazio vya nyuzi vimebadilishwa na pikapu ya katikati haitoi sauti. Nataka irudi ilivyotoka kiwandani. Je, nianze kwa kuondoa rangi?

Jibu: Ndugu msomaji, rangi usiiguse kwa sasa. Anza kwa kuthibitisha gitaa lenyewe ni la lini na lipi ndani yake bado ni la asili. Herufi L huashiria takriban miaka ya 1963 hadi 1965, lakini mabamba hayo hayakufungwa kwa mfuatano wa namba, hivyo ushahidi mzito zaidi uko ndani. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za shingo na utazame kisigino chake, yaani ncha inayokaa ndani ya mwili wa gitaa: muhuri kama 2 MAR 65 B unamaanisha shingo ya Stratocaster ya Machi 1965 yenye upana wa kawaida (hiyo 2 ni alama ya modeli, si tarehe, ingawa wengi huisoma hivyo; B ndiyo upana). Kisha fungua kibao cha plastiki kinachobeba pikapu, upige picha kila waya ulivyoungwa, na usome namba zilizogongwa kwenye potenshiometa, vile vidhibiti vya sauti vilivyo chini ya vitufe. 304 6512, kwa mfano, ni ya kampuni ya Stackpole, mwaka 1965, wiki ya 12.

Pikapu iliyo kimya itenganishe na swichi, uipime kwa multimita. Iliyo nzima ya miaka hiyo husoma karibu kilo-omu 5.5 hadi 6.5, isiposoma kitu, waya wake umekatika, na mara nyingi hukatika pale unapofika kwenye lehemu, mahali ambapo fundi mwenye mkono mtulivu huweza kuuunga bila kuzungusha waya mpya. Swichi ya nafasi tano ilianza kuwekwa kiwandani mwaka 1977, kwa hiyo yako iliongezwa baadaye; ya asili ilikuwa ya nafasi tatu. Kama unapiga jukwaani, sioni ubaya kuibakiza, kwa kuwa kuibadilisha siku nyingine hakuachi alama.

Rangi ni tofauti, kwa sababu ikishatoka hairudi. Kiwanda kilitumia sana rangi ya nitroselulosi, ambayo huyeyushwa na thina na asetoni, kwa hiyo dawa itakayong'oa nyeusi ya juu itaondoka pia na ya asili iliyo chini. Tazama chini ya kibao cha plastiki, mahali ambapo mpakaji wa brashi mara nyingi hafiki, kisha jaribu kubandua nyeusi kidogokidogo kwa kipande cha plastiki kisicho na makali. Ukiikuta ya asili, hata ikiwa imechubuka na kupasuka, iache, maana wanunuzi wa magitaa ya zamani huithamini kuliko rangi mpya iliyopakwa kwa ustadi. Ikiwa msasa ulikwisha kuimaliza, ndipo upake nitroselulosi kwa tabaka nyembamba, penye hewa na mbali na moto, na uiache wiki kadhaa ikauke kabisa kabla ya kuing'arisha.

Kuhusu vikazio, tafuta vya aina ya Kluson, kampuni iliyotengeneza vile vya asili. Kama matundu yalipanuliwa kwa keekee, usiyazibe kwa mbao. Zipo bushi za kupunguzia zinazokaa ndani ya tundu kubwa na kuvipokea. Vilivyofungwa sasa, pamoja na skrubu zake, vihifadhi ndani ya kasha la gitaa.