Re: Redio itafikaje kijijini kwetu Bahi?

Mkuu, umeuliza ninyi vijana wanne wa kujitolea mtaishawishije redio ya Dodoma itangaze habari za kijiji, maana kila siku ni Bunge tu. Kweli, waandishi wamejaa mjini, ila Bahi wanaipita kwenye basi la Singida.

Msiende na barua ya malalamiko. Nendeni na habari. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanapaswa kusomwa pale. Kaeni mbele, andikeni: kisima kilitengewa kiasi gani, kimetumika kiasi gani, nani alijibu nini. Mtendaji akiwazungusha, andikeni ombi rasmi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ana siku 30 za kujibu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri (wengi husahau hili, kisha barua "haionekani").

Mhariri akipata namba na sauti ya mama anayeteka maji korongoni, atasikiliza. Nauli ya mwandishi changeni wenyewe, msimwombe diwani. Akilipa yeye, habari itakuwa yake.