Mtoto wa jirani amepasua paneli ya sola: alipe nani, na alipe ngapi?

Mkuu, kwa wanaoingia sasa nirudie swali lako kwa kifupi. Upo kijijini Tandahimba. Mtoto wa jirani, miaka 6, alikuwa anapopoa maembe kwa mawe, jiwe likapita mti likatua kwenye paneli yako ya wati 100 iliyo juu ya bati. Wewe unadai paneli mpya. Baba yake anasema mtoto hana kesi. Mama yake anasema aitwe mjomba. Kila mmoja wenu ana kipande cha haki, ila hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu.

Nianze na baba. Kwamba mtoto hana kesi ni kweli kwa upande wa jinai tu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya ni kosa. Kwa hiyo kumtisha mtoto wa miaka 6 na polisi ni kujichosha, na baba naye huwezi kumfungulia kesi ya kuharibu mali kwa makusudi wakati jiwe hakulirusha yeye. Lakini fidia ni mlango mwingine. Mahakama zetu zinafuata misingi iliyorithiwa kutoka Uingereza, na kwa misingi hiyo mzazi halipi kwa sababu tu amezaa. Analipa pale inapoonekana yeye mwenyewe alizembea: alijua mtoto ana mchezo huo, alikuwa na nafasi ya kumzuia, akaacha.

Wanaotaka kulimaliza kidini nao mara nyingi wanaishia nusu ya maneno. Kalamu imenyanyuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, hilo linahusu dhambi. Mali ya mtu haipotei kwa sababu aliyeiharibu ni mdogo. Kwa wanazuoni wengi, fidia hutoka kwenye mali ya mtoto mwenyewe, na walii wake, yaani msimamizi wake, ndiye anayeitoa. Mtoto wa miaka 6 mwenye mali yake humpati kirahisi, na walii aliyezembea hujibu kwa uzembe wake. Ukilipeleka kwa shehe, mwulize sehemu zote mbili, asikujibu ya kalamu peke yake.

Sasa mjomba. Watu wa mikoa mingine wanacheka wakisikia hili, ila huku kusini halichekeshi. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera ukoo ulihesabiwa kwa mama, na kaka wa mama ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake, pamoja na madeni yao. Siku hizi baba wengi wanajenga, wanasomesha na kulipa wenyewe, kwa hiyo mjomba akae kikaoni kama shahidi na mzito wa maneno. Kulipa iwe hiari yake. Kosa ninaloliona sana ni baba kumsukumia mjomba, mjomba yuko Masasi au Dar, na shauri linakaa mpaka mvua inanyesha ndani ya paneli. Ukisikia "tumsubiri mjomba", uliza tarehe.

Ninachokiangalia kabla ya undugu wowote ni saa ile. Saa lile jiwe linarushwa, mtoto alikuwa mikononi mwa nani? Kama mama yake alikuwa kibarazani anamwona na maembe yanamwagika, mzigo ni wa nyumba yake. Kama alikuja kwako kucheza na wanao na wewe ukakubali abaki, jicho lilikuwa lako, na unamdai jirani kwa ulinzi ulioupokea mwenyewe. Kama aliachiwa dada yake wa miaka 9, usimhesabu huyo kama mlezi, mhesabu aliyewaacha. Akiwa shuleni saa za masomo, anza na mwalimu mkuu kabla ya mzazi. Halafu geuza swali upande wako: mwembe ni wa nani, unainamia bati la nani, na huu ni msimu wa ngapi watoto wanaupopoa hapo? Kama mwembe ni wako na kila mwaka unawafukuza watoto, ulijua mawe yanapita pale na bado ukaiweka paneli upande huohuo. Hilo halifuti dai, linapunguza.

Tuje kwenye paneli yenyewe, maana hapa ndipo watu wanadanganyana bila kukusudia. Kioo cha paneli kikipigwa hakidondoki. Kinapasuka chote kama utando wa buibui na kubaki kimeshikwa na gundi iliyo chini yake. Mwenye paneli anasema imekufa. Mwenye mtoto anaona taa inawaka jioni ileile, anasema nzima. Wote wapimiwe. Chagua mchana wa jua kali, saa 6 hadi saa 8, anga jeupe. Chomoa waya za paneli kwenye chaji kontrola, kile kiboksi kinachosimamia chaji ya betri. Elekeza paneli kwenye jua, weka mita ya fundi umeme kwenye voti za DC, gusisha ncha zake kwenye waya mbili za paneli. Kisha hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, pima ampea. Linganisha na lebo iliyo mgongoni: ya wati 100 kwa kawaida inaandika voti 21 au 22 na ampea karibu 6. Voti peke yake usizisikilize, paneli mbovu inaweza kutoa voti nzuri huku ampea zimeanguka. Na kipimo cha ampea usikiguse kwenye betri, utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe, halafu tunaanza ubishi wa pili.

Tuseme lebo inasema 5.8 na wewe umepata 4.9. Inafanya kazi, lakini si nzima. Kioo hicho hakibadilishwi, hakuna fundi wa kukibandua na kuweka kingine. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba zimeshika mpaka Aprili, na maji yakipenya kwenye nyufa yanakula vibati vyembamba vinavyounganisha seli. Weupe au ukahawia ukianza kuonekana chini ya kioo, jua ampea zinashuka. Kupaka silikoni ya maji maji isiyozuia mwanga juu ya nyufa kunachelewesha tu. Kwa hiyo baba akisema "mbona inawaka", mwambie inawaka mpaka masika.

Hesabu sasa. Unachodai ni thamani ya kitu siku kilipoharibika, yaani paneli yenye umri wa paneli yako. Weka bei ya dukani kwenu, mimi nachukua 160,000 kwa ajili ya hesabu tu. Paneli nzuri huenda zaidi ya miaka 20, ila hizi za madukani zisizo na jina naona ni haki kuzipa 10. Yako ina miaka 4, imebaki sita ya kumi: 96,000. Unabaki nayo ikisukuma taa mbili tatu, toa 20,000 ya hicho kilichobaki: 76,000. Mwembe ni wako, beba theluthi. Jirani anabaki na kama 51,000. Unaweza kubishana na kila namba hapo, na ndiyo raha yake, mnabishana na namba, si na tabia za watu. Betri na chaji kontrola usizichomeke kwenye bili, jiwe halikuzigusa. Ila kama paneli haichaji vizuri na wewe unaendelea kuwasha televisheni kila usiku, betri ikakaa na njaa wiki tatu ikafa, hiyo ni yako. Anayedai fidia anatakiwa kuzuia hasara isikue.

Kanuni hiyo ya mwisho inaamua mambo mengi madogo. Mtoto akimimina mchanga kwenye tangi la pikipiki, usiipige kiki. Mwaga mafuta, toa tangi, safisha chujio la koki na kabureta. Bili ni mafuta na ufundi. Ukijua kuna mchanga na bado ukaenda nayo mpaka ikazima njiani, kuanzia hapo unajidai mwenyewe. Simu iliyotumbukizwa baharini Mikindani: zima, toa betri kama inatoka, usiichaji "kujaribu", na ifike kwa fundi siku hiyohiyo aisafishe kwa spiriti, kwa sababu chumvi inakula haraka kuliko maji ya kisima. Mchele hauondoi chumvi. Mchoro kwenye gari, pitisha ukucha. Usipokwama, polishi inatosha. Ukikwama, rangi inapigwa mlango mzima, na hapo bili inakua kwa haki. Bima ndogo hailipi mchoro huo, uliza kama ni kubwa. Na lile bango la dukani la "ukivunja umenunua" halina nguvu ya kumfunga mtoto aliyeinua mkono akashusha sahani zilizopangwa usawa wa goti.

Moto ndio unaoumiza kweli huku kwetu, na sitaki kuupita haraka. Watoto wanachoma majani kutoa panya shimoni, Agosti au Septemba, upepo unageuka, shamba la mikorosho lina maua. Siku ya kwanza msikubaliane bei. Siku ya kwanza ni kuhesabu: mikorosho mingapi imeguswa, kila mmoja ufungwe kitambaa au upakwe chokaa, mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji awepo. Kisha kwangua gome kidogo kwa kisu. Chini kukiwa kibichi chenye majimaji, mti uko hai. Kukiwa kahawia na kukavu kuzunguka shina lote, umekufa. Uliobabuka majani tu utachipua mvua zikianza, umepoteza mavuno ya mwaka huu. Kwa hiyo mnahesabu makundi mawili. Kwa mikorosho iliyopoteza mavuno, chukua kilo za msimu uliopita kwenye stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika, gawa kwa idadi ya miti, zidisha kwa bei, halafu toa gharama ambazo hukuzitumia, kama salfa ambayo ungeipulizia tena kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na vibarua wa kuokota. Kwa mikorosho iliyokufa, weka mche wa kubebeshwa, palizi na miaka inayopita kabla mti haujarudi kwenye mavuno. Shamba ambalo halikupaliliwa na halina njia ya kuzuia moto, mwenyewe anabeba sehemu. Anayetaka kulipwa "shamba zima" kwa sababu moshi ulifunika shamba zima, mrudisheni akahesabu.

Jambo moja linalofanyika majumbani Shangani na Ligula, mjini Mtwara, kimyakimya: mtoto wa bosi kavunja televisheni ya mgeni, bosi kamlipa mgeni, kisha kakata mshahara wa dada wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu kukata hivihivi. Lazima kosa liwe la dada kazini, apewe kwa maandishi sababu na hesabu, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Aliyetumwa sokoni saa ile hakuwa mlezi wa mtu.

Mkishaelewana, andikeni, hata kama ni 20,000. Watu wanaona aibu kuandikiana na jirani, na ndiyo maana mwakani mnanyimana chumvi. Karatasi moja: majina ya pande zote, tarehe, kitu gani, umri wake, kimeharibikaje, kiasi kilichokubaliwa, kwamba ni malipo ya mwisho, na kipande kinabaki kwa nani. Andika "nakiri deni la" kiasi hicho. Sababu ni hii: dai tupu la uharibifu si rahisi kuingia mahakama ya mwanzo, isipokuwa limejengwa juu ya mila au sheria ya Kiislamu. Deni linalotokana na makubaliano linaingia. Shahidi mmoja kila upande, sahihi au dole gumba, nakala ya tatu ibaki ofisi ya kijiji. Malipo yapite kwenye simu, ujumbe ndio risiti. Na msiandike "baada ya korosho", maana mnada wa korosho una siku yake na pesa kuingia kuna siku yake. Andikeni "pesa ya mnada wa kwanza, au kabla ya tarehe 31 Desemba, lipi litangulie".

Usimshike mbuzi wake wala kubandua bati lake kwa kujilipa, utageuka wewe mshtakiwa. Usimwite mtoto mbele ya kikao akalizwe. Nenda jioni, baba yake akiwepo, piga hodi, "shikamoo mzee, nimekuja kwa lile la paneli, nimekuja na fundi tupime wote tuone." Na fundi huyo mtafute wa kijiji cha pili, asiwe shemeji yako.