Simu zinakatika kila nakala ikipandishwa: profaili ya QoS imekosea wapi?

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nasimamia mtandao wa ofisi ya ushirika wa akiba na mikopo hapa Chake Chake, na tuna matawi Wete na Mkoani. Laini yetu ni ya mnara, megabiti 20 kushusha na 5 kupandisha. Tuna simu 10 za mezani zinazopita kwenye intaneti. Kila alasiri mhasibu akianza kupandisha nakala ya hesabu za siku, simu zinakatika: sisi tunawasikia watu wa Wete, wao hawatusikii. Nimeingia kwenye programu ya kusimamia ruta (tunatumia MikroTik), nimetengeneza profaili ya QoS (mpangilio wa kuamua data ipi ipite mwanzo), nimeipa sauti kipaumbele namba 1 na kuihakikishia megabiti 8. Hakuna kilichobadilika. Meneja anataka tununue laini kubwa zaidi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam ndugu yangu. Mwambie meneja asubiri kwanza. Dalili kubwa umeniandikia mwenyewe: nyinyi mnawasikia wao, wao hawawasikii nyinyi. Sauti yenu ndiyo inayopanda, na upande wa kupanda mna megabiti 5 tu. Kwa hiyo zile megabiti 8 ulizoihakikishia sauti hazipo. Ruta haiwezi kutoa dhamana ya kitu ambacho laini haina, na dhamana za foleni zikizidi kikomo cha laini, mpangilio wote wa vipaumbele unavurugika.

Lakini hata ungeandika namba sahihi hapo, simu zingekatika vilevile. Tatizo la msingi ni mahali ambapo foleni inajipanga.

Fikiria geti la bandari siku ya mkesha wa Idi. Mgonjwa analetwa na machela, tiketi yake imeandikwa wazi kwamba apite mwanzo. Kama watu wameshabanana ndani ya geti, maandishi yale hayamsaidii, kwa sababu hakuna wa kumpisha na hakuna pa kupitia. Lakini kama askari amewazuia watu nje, kwenye uwazi, na anawaachia kidogo kidogo, akiiona machela anaipitisha mara moja. Profaili yako ni yule askari. Kwa sasa amesimama nje peke yake, na msongamano uko ndani ya geti, yaani ndani ya kile kifaa cha mnara kilichoko juu ya paa lenu.

Kifaa kile kina ghala lake la pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazosubiri. Tuseme ghala hilo ni la megabaiti 1, ambayo ni megabiti 8. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, ghala likijaa huchukua sekunde 1.6 kumwagika. Pakiti ya sauti inayofika nyuma ya nakala ya mhasibu itasubiri muda huo wote, na ghala likifurika itatupwa. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika pendekezo lake la G.114, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Nyinyi mmeshapita hapo mara kumi.

Usinikubalie kwa maneno tu, pima. Saa tisa alasiri, kabla mhasibu hajaanza, fungua pingi (kipimo cha milisekunde ambazo ujumbe mdogo huchukua kwenda na kurudi) kwenda anwani yoyote ya nje na uiache iendelee. Mimi nilifanya hivi katika nyumba ya wageni moja upande wa Jambiani, tumekaa mapokezi na karani. Namba zilikuwa 38, 41, 39, zimetulia. Nikamwambia apandishe video ya mgeni. Zikaja 210, 640, 1,180, kisha mistari miwili mitupu. Aliposimamisha, zikarudi 40. Kasi ya laini haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni urefu wa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa mahali ambapo hatuna amri nayo.

Sasa dawa. Pima kasi ya kupandisha asubuhi, mchana na usiku, kwa siku tatu au nne. Laini ya mnara hupanda na kushuka, kwa hiyo usichukue namba nzuri uliyoipata alfajiri. Chukua ya chini inayojirudia. Ukipata kati ya 4.6 na 5, weka kikomo cha foleni mama, ile sehemu iliyoandikwa Max Limit, kuwa megabiti 4. Najua inauma kuacha megabiti nzima uliyoilipia. Lakini ruta ikitoa kidogo kuliko laini inavyoweza kubeba, ghala la juu ya paa halijai kamwe, na foleni inarudi kwako, ambapo vipaumbele vyako vina maana.

Chini ya foleni mama weka foleni watoto wanne. Tuanze na sauti. Simu moja ya G.711, mfumo wa sauti unaotumika sana kwenye simu za mezani, hutoa pakiti 50 kila sekunde. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo ya safari. Hizo ni kilobiti 80 kwa sekunde, na ukijumlisha vifungashio vya waya zinakaribia 90. Simu zote 10 zikizungumza pamoja ni kilobiti 900. Basi sauti ipe dhamana, yaani Limit At, ya megabiti 1 na kipaumbele 1, na kikomo chake kisizidi 1.5. Foleni yenye kipaumbele cha juu isiyo na kikomo ni hatari, maana kitu chengine kikijipenyeza humo kwa makosa kitawanyima wote.

Programu ya mikopo ipe dhamana ya 1.5 na kipaumbele 3, matumizi ya kawaida 1 na kipaumbele 6, nakala ya mhasibu 0.5 na kipaumbele 8. Hao watatu waruhusu kufika 4 kukiwa na nafasi. Jumlisha dhamana: 1, 1.5, 1 na 0.5 ni 4 kamili, sawa na kikomo cha mama. Ruta hutimiza dhamana zote mwanzo, kisha ndipo inapotazama kipaumbele ili kugawa kilichobaki. Nakala itachelewa kumalizika simu zikiwa nyingi, na hivyo ndivyo tunavyotaka.

Upande wa kushusha weka kikomo cha 17 hivi. Huku huna nguvu kamili kwa sababu pakiti zimeshafika kwako, ila ukizichelewesha, anayezituma hupunguza mwendo.

Jambo moja limewapotezea mafundi wengi siku nzima, na mimi nikiwemo. Kwenye mipangilio ya kiwandani ya MikroTik kuna kanuni ya Fasttrack kwenye ukuta wa moto (firewall). Kazi yake ni kupitisha haraka mawasiliano yaliyokwishakubaliwa, na katika haraka hiyo yanazikwepa foleni zako. Profaili inaonekana imewaka, imeandikwa vizuri, na hakuna pakiti inayoigusa. Izime. Kwa laini ya megabiti 20 ruta yako haitahisi uzito wowote. Halafu piga simu moja na utazame kihesabu cha foleni ya sauti. Kikibaki sifuri, profaili haijaishika sauti, na hakuna haja ya kubadilisha namba nyengine yoyote mpaka kisogee. Ukitumia programu ya aina nyengine, hakikisha pia kwamba profaili imefungwa kwenye mlango wa kwenda nje. Kuihifadhi ni kazi moja, kuifunga mahali pake ni kazi nyengine.

Kuitambua sauti, simu nyingi za mezani hujitia alama ya DSCP 46, namba inayoandikwa kwenye kila pakiti kuonyesha daraja lake. Iamini alama hiyo inapotoka kwenye milango ya simu tu. Kompyuta yoyote inaweza kujibandika 46, na ukiiamini kila mahali utajikuta programu ya kushusha filamu inapita pamoja na machela.

Kama meneja anatumia simu ya waifai, zingatia kitu kimoja. Waifai ina madaraja manne, na vifaa vingi huchagua daraja kwa kutazama tarakimu tatu za mwanzo za ile alama. Namba 46 kwa mfumo wa binari ni 101110. Tatu za mwanzo ni 101, yaani 5, na 5 kwenye waifai ni daraja la video. Sauti ni 6 na 7. Kwa hiyo sauti yake inapanda gari la video mpaka wewe mwenyewe uelekeze 46 iende kwenye 6. Waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8325 wa mwaka 2018, unashauri hivyohivyo.

Hifadhi nakala ya mipangilio ya sasa kabla hujagusa chochote, na uifanye kazi hii baada ya ofisi kufungwa. Kesho yake saa tisa, mhasibu akianza, fungua pingi tena huku ukizungumza na Wete. Niandikie namba mbili: ya kabla ya nakala na ya wakati inapanda. Ikiwa ya pili bado inaruka zaidi ya 100, shusha kikomo cha mama kutoka 4 hadi 3.5, punguza dhamana ya matumizi ya kawaida iwe 0.5 ili hesabu ikae sawa, kisha upime upya.