Usiwashe mfumo wote siku moja, anza na stoo

Mkuu, usisaini huo mkataba wa kufunga mfumo wa kompyuta kiwandani kwako. Kama umeshasaini, mpigie mshauri wako leo mkaandike upya ratiba.

Umeuliza kati ya Odoo na SAP Business One, programu za kuendesha kazi zote za kampuni, uchukue ipi, bei kwa kila mtumiaji iwe ngapi, na mafunzo ya wafanyakazi yachukue muda gani. Hayo yasubiri. Mimi nimekwama pale uliposema mshauri anataka stoo, manunuzi, uzalishaji, mauzo, mishahara na uhasibu vyote viwashwe tarehe 1 Julai "ili mwaka wa hesabu uanze safi". Kiwanda cha kukamua alizeti, Singida, mwezi wa Julai, mbegu ndiyo zinamiminika getini! Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi nikiwa meneja uzalishaji wa kiwanda cha kusaga mahindi, na ninajua yanakopeleka watu.

Mshauri wetu alitukusanya hotelini, projekta ipo, sambusa zipo, akatuonyesha mfumo unavyoandika hesabu ya kutengeneza meza. Miguu minne, ubao mmoja, skrubu. Unabonyeza, meza imetoka na malighafi imejipunguza yenyewe stoo. Wakurugenzi wakapiga makofi. Lakini meza unakusanya vitu vingi upate kimoja, na sisi kazi yetu ni kinyume chake: yanaingia mahindi, yanatoka sembe, pumba na vumbi. Wewe ni vivyo hivyo, mbegu inakupa mafuta, mashudu na mashapo ya kwenye chujio. Bei uliyonunulia mbegu utaigawaje kati ya mafuta na mashudu? Swali hilo peke yake linataka mhasibu na fundi wa mashine wakae pamoja, wajaribu, wakosee, wajaribu tena. Huwezi kulimaliza kwa fomu iliyoandaliwa kwa ajili ya kiwanda cha samani.

Kilichotuumiza zaidi ni gunia. Kwenye mfumo gunia la mahindi liliandikwa kilo 100, basi. Wewe unajua gunia la mkulima linavyokuja: lumbesa, limeshonewa kilemba juu, kila moja na uzito wake. Mizani ya getini inasoma kilo, mtunza stoo anapokea kwa magunia, mfumo unazidisha kwa 100, na ziada yote ya lumbesa haionekani popote. Kwa hiyo mfumo ukaamini mahindi yamekwisha wakati yamejaa hadi karibu na bati. Mahindi yamekwisha, haukubali kufungua oda ya uzalishaji. Uzalishaji haupo, sembe haionekani kwenye stoo ya bidhaa. Sembe haipo, ankara haitoki. Ankara haijatoka, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, haipatikani, na lori bila risiti halivuki geti letu. Malori ya wateja yakapanga foleni hadi barabarani, madereva wanachemsha chai chini ya trela, na unga wanauona kwa macho yao pale ndani.

Tukarudi kwenye madaftari. Mchana tunaandika kwa mkono, usiku wahasibu wanaingiza yale ya mchana kwenye mfumo. Tukawa na hesabu mbili na zote hazina ukweli. Mteja wetu mkubwa, aliyekuwa akilisha shule za bweni, akahamia kwingine na hakurudi.

Halafu kuna unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukipokea tani 10 zenye asilimia 16 ukazianika hadi zifike hapo, karibu kilo 290 zinaondoka na jua, hakuna aliyeiba hata punje. Mfumo wetu haukuwa na mahali pa kuandika hilo. Ukaandika "upotevu", ripoti ikaenda juu, na vijana wa stoo wakaanza kutazamwa kama wezi. Mmoja, kijana mwaminifu kabisa, aliacha kazi kwa uchungu. Hilo linaniuma kuliko pesa zilizopotea.

Usidhani ni ushamba wetu wa huku. Hershey, wale wa chokoleti kule Pennsylvania, waliwasha SAP pamoja na mifumo mingine miwili kwa mpigo mmoja Julai 1999, oda za Halloween, sikukuu yao ya peremende mwishoni mwa Oktoba, zikiwa zinakuja. Oda za takriban dola milioni 100 zikakwama, na chokoleti ipo kwenye maghala. Kampuni ina pesa, ina wataalamu, na bado mfumo haukuona mzigo uliokuwepo.

Na mshauri wetu alijua! Nilimwuliza kwa nini tusianze na stoo pekee, akasema kwenda kwa awamu ni gharama maradufu na ni woga. Nilikuja kuuona mkataba baadaye: nusu ya malipo siku ya kusaini, nusu siku ya kuwasha. Analipwa kwa kuwasha, halipwi kwa sababu mzigo wa stoo umelingana na hesabu ya mfumo. Alipochukua nusu ya pili, simu ikawa haipatikani. Soma mkataba wako ukurasa wa malipo kabla ya ukurasa mwingine wowote.

Mwambie aanze na stoo ya mbegu tu. Kila kinachoingia kipite kwenye mizani na kiandikwe kwa kilo, neno gunia lisiwepo kabisa kwenye mfumo. Kila Jumamosi mtunza stoo, mhasibu na huyo mshauri washuke stoo na karatasi, wapime, walinganishe na kilicho kwenye skrini. Panapotofautiana watafute sababu palepale, arekebishe, wiki ijayo mpime tena. Tofauti mnayokubali muiandike kwenye mkataba, na hesabu isipokaa ndani ya tofauti hiyo kwa wiki kadhaa mfululizo, hakuna malipo na hakuna awamu ya pili. Ikikaa, ndipo mhamie kwenye mashine: mbegu kilo ngapi zimeingia, mafuta lita ngapi, mashudu kilo ngapi, kwa kila zamu. Mauzo na EFD baada ya hapo. Mishahara iwe ya mwisho kabisa, haitegemei mbegu. Muda wote huo vitabu vyako vya sasa viendelee kama vilivyo.

Atakuambia awamu zinakula pesa. Ni kweli, atakuja Singida mara nyingi na nauli utalipa wewe. Lakini kosa la lumbesa lingeonekana Jumamosi ya kwanza, likiwa bado stoo, na watu wawili wangelimaliza kwa kubadilisha kipimo kabla hata lori moja halijasimama.

Kesho asubuhi toa magunia kumi ya mbegu bila kuchagua, yapime moja moja, uandike. Mtumie mshauri hizo namba, umwulize mfumo wake ungeandika kilo ngapi. Akijibu "tutaweka wastani", tafuta mwingine.