Barua kwa mwanangu: tageti ina mwenyewe

Usa River, Arusha
Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, ya pili kitandani baba yako ameshalala, ya tatu leo alfajiri kabla sijakamua ng'ombe. Umesema huko ghalani kwenu Minnesota, Marekani, skana, hicho kimashine unachosomea bidhaa unazookota, imekuweka chini ya tageti, yaani idadi unayotakiwa kufikisha kwa saa, wiki ya tatu mfululizo, na supavaiza amekuita pembeni. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa kwenye maua miaka kumi na moja. Hivi mimi ni mvivu, au kazi hii ndivyo ilivyo?" Ukanyamaza, nikawa nasikia magari ya huko tu, mpaka ujumbe ukakatika.

Ningekupigia, lakini kwenye simu utanikatiza uniambie "usijali mama". Kwa hiyo naandika, usome mpaka mwisho.

Wewe si mvivu. Nimekulea, nimekuona ukibeba ndoo ya maji kabla ya shule na ukikata majani ya ng'ombe mvua ikinyesha. Ila najua neno la mama peke yake halimtoshi mtu anayeonyeshwa namba kila siku, basi nikuambie habari za hizo namba.

Nikiwa kwenye maua ulikuwa mdogo. Nadhani unachokumbuka ni harufu ya mikono yangu jioni. Mimi nilikuwa upande wa greding, kuyachambua na kuyafunga. Maua ya waridi yanakatwa asubuhi kwenye grini hausi, yanakaa kwenye maji chumba cha baridi, ndipo yanaletwa mezani. Unashika shina, unaangalia ua limefunguka kiasi gani, unapima urefu kwenye ubao wenye sentimita, unatoa majani ya chini, unaliweka kwa wenzake. Mashina ishirini ni fungu moja. Unalizungushia karatasi, unatia raba bendi, unakata chini yalingane, unashika lingine. Sakafu ina maji muda wote, na baridi ya Julai kama hii ya leo inakupanda kutoka nyayo hadi kiunoni. Ukutani palikuwa na ubao mweusi. Kila saa supavaiza alipita, akahesabu mafungu, akaandika namba kwa chaki mbele ya jina la kila mmoja. Ubao ule ndio skana yako, mwanangu. Ila wetu tuliusoma wote, na aliyeshika chaki tulijua anakaa wapi.

Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, wakati wa kujiandaa na maua ya Februari 14 yanayokwenda Ulaya, tageti ilipanda mafungu matano kwa saa. Tukaambiwa ni ya msimu. Februari ikaisha, ikaja Machi, Pasaka ikapita, namba ikabaki palepale. Aliyeshindwa siku tatu alipewa barua ya onyo. Kibarua hakupewa hata barua, aliambiwa tu kesho usije. Na kwenda chooni kulikuwa na kibao cha mbao chenye uzi, kimoja kwa meza zote nane. Kikiwa hakipo msumarini, ujue kuna mtu chooni, subiri. Tukaacha kunywa maji asubuhi, watu wazima, wenye watoto. Mwezi wa nne, mama mmoja mjamzito aliyekuwa meza ya jirani na yangu alijikojolea akiwa amesimama, na akaendelea kufunga maua. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi letu la TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani. Watu wanadhani katibu wa tawi ni mtu wa kupiga kelele. Kelele tulishapiga, hazikutusaidia. Siku ile tuliingia ofisini wanawake wanne na ombi moja: mtuonyeshe hii namba mmeipataje. Meneja akamwita msimamizi, msimamizi akamwita supavaiza, na supavaiza, Mungu ambariki, akasema ukweli. Walimpima binti mmoja wa miaka kumi na tisa, asubuhi moja, kwa saa moja, kwenye maua ya urefu mmoja yaliyokwisha kuchambuliwa. Namba ya saa ile ndiyo waliyoifanya ya siku nzima, na ya kila mtu. Hakuna aliyekuja kumpima mtu saa tisa alasiri. Hakuna aliyempima mama wa miaka arobaini na tano, wala mwenye mimba, wala meza iliyoletewa maua ya mchanganyiko.

Tulivutana miezi miwili. Kibao cha chooni kikaondolewa, na tageti ikashushwa mafungu matatu. Tulitaka matano. Yule binti aliyepimwa aliacha kazi kabla mwaka haujaisha, kiwiko kimemvimba. Mimi mwenyewe mpaka leo nikikamua blanketi kifundo cha mkono wa kulia kinalia, ndiyo maana kazi ile nilikuwa nakuachia wewe. Sikuwahi kukuambia sababu.

Sasa unaponiambia "Mama, mashine inasema niko chini", nasikia chaki ile ile. Mashine haijawahi kuamka asubuhi ikaamua mwanangu aokote vitu vingapi kwa saa. Kuna mtu kaiambia.

Tangu uanze kazi hiyo nimekuwa nikisoma, mdogo wako ananitafutia kwenye simu. Kampuni yako siitaji jina, lakini mambo ya Amazon, kampuni kubwa ya Marekani inayouza bidhaa mtandaoni, yanajulikana kwa sababu yamefika mahakamani na kwenye mamlaka za serikali. Kilichonikalisha chini ni cha Ufaransa. Mwezi Januari 2024, mamlaka yao inayolinda taarifa binafsi za watu, CNIL, ilitangaza kuyatoza maghala ya Amazon nchini humo faini ya euro milioni 32. Walikagua skana zinavyopima watu. Ukiskani bidhaa chini ya sekunde 1.25 baada ya ile iliyotangulia, mfumo unakuwekea alama kwamba huenda umekosea kwa haraka. Skana ikikaa dakika 10 bila kuskani, alama nyingine. Hata dakika moja mpaka kumi nazo zilikuwa zinaandikwa. Mamlaka ikasema kupima hivyo kunaweza kumfanya mfanyakazi atakiwe kujieleza kila anaposimama. Nilirudia kusoma pale penye 1.25. Ukichelewa una kosa, ukiwahi una kosa, na katikati wamekuachia njia nyembamba upite humo kwa muda wa saa kumi. Na hiyo 1.25 mtu aliichagua, kama supavaiza wetu alivyochagua asubuhi ile na binti yule.

Uliniambia kwenu rafu zinaletwa na roboti mpaka unaposimama, kwa hiyo angalau hutembei. Amazon walianza njia hiyo waliponunua kampuni ya roboti ya Kiva mwaka 2012. Kutembea kumepungua, nakubali. Lakini kuinama, kunyoosha mkono juu, na kugeuza kiuno ndiko kumebaki, tena kumesogezwa karibu karibu kwa sababu rafu nyingine imeshafika. Mkono wangu haukuharibiwa na kutembea. Muungano mmoja wa vyama vya wafanyakazi wa Marekani ulichukua taarifa ambazo kampuni zenyewe zilipeleka serikalini, ukakuta mwaka 2021 maghala ya Amazon yalikuwa na majeraha makubwa 6.8 kwa kila wafanyakazi 100, wakati maghala ya waajiri wengine yalikuwa na 3.3. Majeraha makubwa ni yale ya kukufanya ukose kazi au upewe kazi nyepesi. Kampuni imepinga hesabu za namna hiyo, na inasema haiwawekei watu tageti za kudumu. Mimi sikuwepo kule. Ninachojua ni kwamba mgongo wako umeanza kuuma mwezi wa tano, umesema mwenyewe.

(Na ule upekuzi wa getini uliolalamikia, sisi pia tulipekuliwa tusitoke na mikasi. Huko kwenu ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014. Wafanyakazi wa maghala ya Amazon jimbo la Nevada walisema wanasubiri kama dakika 25 kupekuliwa bila kulipwa, na majaji wote wakaamua kwamba sheria ya nchi nzima haimlazimishi mwajiri kuulipa muda huo. Iliniuma kuisoma.)

Sasa nifike ulipo wewe, maana Minnesota ina jambo lake. Shakopee hapo karibu na Minneapolis, waliosimama mbele kwenye ghala la Amazon walikuwa wengi wao Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki, watu wa huku huku kwetu. Walikuwa na kituo chao kinaitwa Awood, neno la Kisomali lenye maana ya nguvu. Mwaka 2018 wakaikalisha kampuni mezani kuzungumzia kasi ya kazi na muda wa sala. Julai 2019, siku ya ofa kubwa za Prime Day, baadhi yao wakatoka nje wakagoma. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya wafanyakazi wa maghala makubwa. Mwajiri anatakiwa akupe tageti yako kwa maandishi, kwa lugha uliyosema ndiyo lugha yako. Wewe uliandika lugha gani ulipojaza fomu? Kama uliandika Kiingereza, badilisha, karatasi ije kwa Kiswahili tuisome wote. Unaweza pia kuomba kumbukumbu za kasi yako za siku 90 zilizopita. Na tageti isiyokuachia nafasi ya kula, kupumzika, kwenda chooni au kusali, sheria hiyo inaikataza.

Najua utasema sheria ziko na kazi ni ile ile. Sisi pia tulikuwa nayo, ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 45 kwa wiki, na ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo upewe angalau dakika 60 za kupumzika. Ilikuwepo, na kibao cha chooni kilikuwepo. Nilikuwa na nakala yake kabatini miaka miwili kabla sijaibeba kwenda nayo ofisini. Miaka hiyo miwili najilaumu nayo. Usikae nayo kabatini.

Basi fanya hivi. Omba karatasi ya tageti na zile siku 90. Omba kwa maandishi, kwa upole, ukiwa na mwenzako mmoja. Ukizipata, angalia ni saa ngapi za siku unashuka na ni rafu za namna gani, na uwaulize wenzako wa rika lako wako wapi. Nina hakika, kama ninavyoijua Usa River yetu, hutakuwa peke yako chini. Mgongo nenda ukaandikishe kwao wiki hii hii, tarehe iwepo. Usinywe dawa za maumivu ukarudi kwenye laini kimya kimya, maana jeraha lisiloandikwa baadaye watasema ulitoka nalo nyumbani.

Na ukiona hawajibu, au mgongo unazidi, ondoka. Hili nalisema nikiwa nimelifikiria. Ulikwenda kwa bahati nasibu ya viza, kibali chako hakiko mfukoni mwa kampuni. Kuna wenzenu wasio na nafasi hiyo. Vijana wa Nepal waliopelekwa maghala ya Amazon Saudi Arabia, Amnesty, shirika la kutetea haki za binadamu, ilieleza mwaka 2023 jinsi walivyotozwa pesa nyingi na mawakala, wakawa na madeni na hawawezi kubadilisha mwajiri. Mwaka uliofuata kampuni ilirudisha dola milioni 1.9 kwa watu zaidi ya 700. Wewe unaweza kutoka kwa miguu yako.

Najua kinachokushika ni sisi. Ada ya mdogo wako ya muhula huu imeshalipwa, na risiti amekutumia. Paa la banda linaweza kungoja mwaka mwingine, na ng'ombe wenyewe hawajalalamika. Baba yako amesema nikuandikie kwamba ukituma nusu tutashukuru, na usipotuma miezi mitatu tutakula ndizi na maharage kama tulivyokula siku zote. Amesema kwa kinywa chake, sijamsemea. Sisi pesa yako tunaihitaji, siwezi kukudanganya, lakini sitaki ije imetoka kwenye kifundo cha mkono kama hiki changu.

Jumapili nikitoka ibada ya kwanza nitakuwa nyumbani, simu ina chaji. Nipigie ukiwa umekaa. Uniambie supavaiza amejibu nini ulipoomba ile karatasi, na uniambie mgongo, bila "usijali mama".

Mama yako