Usivunje hata bamba moja kabla ya kupiga hesabu hii

Mdogo wangu, hayo mabamba ya akriliki (plastiki angavu kama kioo) ya milimita 10 yaache kwanza kwenye karatasi zake. Umeuliza ununue kamera gani na taa gani, na katikati ya maswali ukataja, kama jambo dogo, kwamba skrini utaiweka nusu mita nyuma ya bamba ili upime doa la kivuli kwenye ncha ya ufa unaokimbia, yaani lile doa jeusi linalobaki kwenye skrini mwanga unapopindishwa karibu na ncha, na ambalo kipenyo chake hutupa ukali wa mkazo (kipimo cha jinsi ncha inavyovutwa kwa nguvu). Mpango huohuo ulinilia miezi saba na mabamba 43.

Doa lenyewe hulaghai kwa uzuri wake: jeusi tii, na ukingo unaong'aa kama uzi wa fedha. Lakini mwanga unaochora ukingo huo hupita kwenye duara dogo kuzunguka ncha ya ufa, ambalo nusukipenyo chake ni kipenyo cha doa kikigawanywa kwa 3.17. Doa langu lilikuwa na milimita 8, kwa hiyo nilikuwa nikipima milimita 2.5 tu kutoka kwenye ncha, ilhali watafiti wa mivunjiko Rosakis na Ravi-Chandar walikwisha kuonyesha mwaka 1986 kwamba ndani ya nusu ya unene wa bamba, yaani milimita 5 kwangu na kwako, fomula ya bamba jembamba, ile inayogeuza kipenyo cha doa kuwa ukali wa mkazo, haishiki tena, kwa sababu sehemu ya katikati ya unene imebanwa na haiwezi kusinyaa kwa uhuru. Doa hutoka dogo kuliko linavyostahili, na kwa kuwa ukali wa mkazo hufuata kipenyo kwa kipeo cha 2.5, kipenyo kikipungua kwa asilimia 10, jibu hupungua kwa asilimia 23. Nami niliandika sura nzima ya tasnifu yangu kueleza kwa nini akriliki yetu ni dhaifu kuliko ya wenzetu. Hata muuzaji wa mabamba nilimlaumu, masikini.

Aliyenihakikishia kwamba "doa likiwa safi, kipimo ni safi" alikuwa fundi mkuu wa maabara, mtu ambaye nadhani hajawahi kugawanya kitu chochote kwa 3.17. Mtahini aliponibana, ni yeye aliyetangulia kucheka.

Nusukipenyo cha duara lile lazima kizidi nusu ya unene. Kwa akriliki yenye ukali wa mkazo wa megapaskali 1 mara mzizi wa mita, bamba la milimita 10 linataka skrini iwe mbali kiasi cha mita 2.7, wakati bamba la milimita 5 linaridhika na mita 1 hivi. Ukishikilia milimita 10, pima chumba kwanza: changu kilikuwa kifupi, skrini ikaishia kusimama koridoni, taa zimezimwa, na watu wakijikwaa kwenye miguu yake.